Bomba la Pumzi la Bwana Prosser

Gwilym Prosser alipowasikia wazee tisa wakikohoa kwa zamu ndani ya klabu ya wachimba makaa ya kijiji cha Cwmdulas, moyo wake uliruka kwa furaha. Wengine husikia ugonjwa; yeye alisikia soko.

Akaingia na sanduku la mabomba ya shaba, membamba kama mrija wa soda. Kwa uso wa mchungaji akawaambia kwamba anayetembea akivuta na kutoa pumzi kwa bomba hilo, mapafu yake hurudia ujana. Alishaliona kopo la akiba ya kwaya ya wazee hao, lile la safari ya Ireland, na alilitaka lote.

Mzee Idwal, aliyeacha nusu ya mapafu yake mgodini, akaligeuzageuza bomba. "Umelijaribu mwenyewe, mwanangu?"

Prosser akabana pua kwa kibanio cha nguo, akakaa kitini, akapumulia bomba dakika tano nzima huku akimkonyeza mhudumu wa baa. Wala hakutoka jasho.

Basi Idwal akaweka dau: wapande wote wawili ngazi mia na arobaini za kanisani. Prosser akitangulia, kopo lake. Akilitema bomba njiani, gari lake jekundu lililo nje ni mali ya kwaya.

"Wewe nenda na bomba lako," Idwal akasema. "Langu limo humu kifuani mwaka wa ishirini."

Kushindana na mzee anayehema akifunga viatu! Prosser alikaribia kuona haya. Alikaribia tu.

Ngazi thelathini alizipanda mbio. Ya arobaini, miguu ikadai hewa, akavuta haraka. Lakini pumzi ya kwanza ilikuwa haijamaliza kutoka. Akavuta nyingine juu yake. Kifua kikajaa kama gunia lililoshindiliwa, hewa tele ndani na pa kuweka nyingine hapana. Akalitema bomba, akaketi, uso rangi ya uji.

Idwal akampita, hatua tatu, pumziko, hatua tatu, midomo ameibana kama anayepuliza chai.

"Kitini hata mimi mzima, mwanangu. Ugonjwa huu unangoja uinuke."

Kwaya ikapakiana kwenye gari jekundu kurudi klabuni, kwa safari mbili. Prosser akaomba wamfikishe stesheni. Wakamwambia atembee, si ndiyo dawa aliyokuwa akiuza?

Akabaki ngazini, kifua kikimuuma. Pumzi iliporudi, kitu cha kwanza ulichokitafuta mkono wake mfukoni kilikuwa sigara.