Kiti cha Feni na Mashimo Meusi

Jumatatu, 4 Machi
Nimenyang'anywa kiti. Kwa kinyozi feni ni moja, na anayekaa chini yake ndiye anayesikilizwa. Hapo ni pangu tangu nistaafu ufundi bomba. Leo nimemkuta Miwani, karani mstaafu wa posta, anasimulia kitabu cha mashimo meusi ya angani. Nikaanzisha kisa changu cha mbuzi aliyekwama tangini. Kinyozi akaniambia, subiri kidogo mzee wangu, tuko angani.

Jumanne, 5 Machi
Maktaba. Nimeazima kitabu kilekile. Jalada linaapa kimeandikwa kwa kila msomaji. Vizuri, mimi ni kila msomaji. Ukurasa wa tatu mwandishi anasema "kama sote tujuavyo". Sote, yeye na nani? Nikasinzia.

Jumatano, 6 Machi
Mpango: Miwani anasoma kwenda mbele, mimi naanzia mwisho, nimwahi. Sura ya mwisho inasema sasa msomaji ameona wazi. Sijaona kitu. Mke wangu akauliza mbona nakigombeza kitabu. Nikamwambia mwandishi kanialika kwake kisha kafunga mlango. Akasema basi pita mlango wa watoto, vyao vina picha. Nikanuna mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepita mlango wa watoto. Rafu ya chini kabisa, magoti yakalia. Picha: shuka limetandazwa, jiwe zito katikati, gololi zinaviringika kulifuata. Kumbe! Nimekivika kijitabu jalada la kile kinene.

Ijumaa, 8 Machi
Nimewashikisha wateja kitambaa cha kinyozi, wavute pembe. Katikati nikaweka spana yangu kubwa, pembeni nikaachia gololi. Zikazama zote. Muuza mkaa akauliza, ina maana hata mwanga haurudi? Nikasema haurudi, bwana. Akatikisa kichwa kama aliyepata habari ya jirani. Kiti nikapewa.

Miwani akanifuata nje. Akaninong'oneza kwamba amekwama ukurasa wa kumi na mbili, mengine yote alikuwa anatunga. Akaniomba, ndugu yangu, wewe umeyatoa wapi? Midomo ilishafunguka kumwambia ukweli, nikakumbuka kiti. Nikamwambia yako sura ya mwisho, arudie tu mpaka yaingie.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wa Miwani amekuja kwetu kuuliza mumewe ana nini. Hali chakula, halali, kitabu mkononi, na sasa anasema hajawahi kuwa na akili, hata posta walimvumilia tu. Mke wangu alinitazama kwa namna ninayoijua. Akasema nyanyuka, nenda kamwambie mwenzio ukweli.

Nimekwenda. Nimemkuta mezani, macho mekundu, kanyoosha kidole kwenye mstari mmoja. Akaniuliza kama kweli mimi niliuelewa mara ya kwanza. Nikakohoa. Nikamwambia hapana, mara ya pili. Nikamwachia maandazi niliyopewa na mke wangu, nikatoka haraka.

Kinyozi anataka Jumatatu nisimulie habari za ubongo. Nimepita maktaba. Rafu ya chini sikuitazama, mtu wa kiti cha feni hainami. Nimebeba cha ubongo kinene kuliko vyote. Mkutubi akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mama, soma jalada: ni cha kila msomaji.