Kichwa cha Jarida la Ukoo wa Ntandu

Jumapili, 10 Agosti

Nimechaguliwa. Sikuomba. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na zizi, kwa sababu ukikaa mbele unaweza kuulizwa kitu. Haikusaidia. Mzee Alute, mwenyekiti wa ukoo wetu, alisema anahitajika kijana aliyesomea utunzaji wa kumbukumbu, na Ilongero nzima ikageuza shingo.

Chanzo ni bahasha kutoka Uskochi. Zamani Mzee Alute alichimba visima pamoja na mhandisi wa Kiskochi. Sasa wote wamezeeka, na yule Mskochi amemtumia jarida la ukoo wake. Kurasa nane! Juu kuna jina kwa herufi nene, na kando yake kichwa cha mnyama kama kulungu, pembe matawi matawi, kimezungushiwa mkanda wenye maneno. Lilipita mkono kwa mkono. Watu walipangusa vidole kwanza. Mzee alieleza kwa Kinyaturu, akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wakwe, kwamba Waskochi nao wana koo, wanafuga, wanagombania mipaka kama sisi, ila wao wameandika.

Basi na ukoo wa Ntandu utakuwa na jarida. Jina na kichwa chake, yaani ule mchoro wa juu, viwe tayari tarehe 24. Kamati: mimi na Melkiori. Melkiori ni mtoto wa shangazi, amelelewa pale pale kwa babu mzaa mama. Mwalimu wa sekondari. Ana pikipiki na sauti. Tayari ameshasema simba.

Nilikuwa nitetemeke usiku kucha, ila nikakumbuka kitu. Kichwa cha jarida huchorwa kwenye kompyuta. Kompyuta iko steshenari. Steshenari yuko Eliana.

Jumanne, 12 Agosti

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Tangu Februari nimetoa nakala kumi na moja za kitambulisho changu. Hakuna aliyeziomba. Nyumba nzima ninayopanga hapa Mandewa, mjini Singida, haina mtu mwenye vitambulisho vingi kama mimi.

Leo nilikuwa na sababu halali. Nilitoka masijala, ninakofanya kazi, saa tisa na nusu, nikaingia steshenari, nikaomba kazi ya kuchora. Eliana alinivutia kigoda kando ya kiti chake. Kando! Ili nione kioo cha kompyuta. Sikuona kioo. Niliona mkono wake wa kulia ukisukuma kipanya, na alama ndogo ya wino kwenye kidole cha shahada. Aliniuliza mara mbili tunataka mnyama gani. Nikasema ng'ombe. Akachora ng'ombe mzuri mwenye nundu kwa dakika ishirini, akasema imekwisha.

Imekwisha! Dakika ishirini!

Nikamwambia wazee hawatakubali ng'ombe. Wazee hawajaulizwa.

Mpango wangu umekamilika njiani nikirudi. Kazi hii isiishe. Mnyama mmoja kwa siku, hadi nipate ujasiri wa kumwambia neno moja tu la kweli. Singida ina wanyama wa kutosha.

Alhamisi, 14 Agosti

Jana alizeti. (Si mnyama, lakini ilichukua muda, petali ni nyingi.) Leo jogoo. Eliana alichora upanga wa jogoo taratibu huku upepo ukipeperusha karatasi mezani, na kila moja ikiruka mimi naikimbilia, narudi, nakaa karibu zaidi kidogo. Sentimita mbili, nadhani.

Aliniuliza kwa upole, "Mteja, huyu jogoo naye wazee watamkataa kwa kosa gani?"

Nikasema anatazama upande usiofaa. Akamgeuza. Nikasema sasa anaonekana na kiburi. Akacheka, akaweka kichwa cha jogoo chini kidogo. Nilitaka kumwambia kwamba nikifika chumbani kwangu nasikia ukimya wa ajabu, kama vile mtu ametoka sasa hivi. Nikamwambia mkanda uwe wa kijani.

Ndipo Melkiori akaingia na kofia ya pikipiki mkononi. Alitazama kioo muda wa kufumba na kufumbua. Akasema jogoo wa Singida ni bora kuliko simba wake, yeye anamwacha simba, jina liwe Sauti ya Ntandu, tupige chapa leo tumalize. Eliana akamwambia kwamba yeye ndiye mteja anayejua anachotaka.

Sijawahi kumchukia mtu kwa kukubaliana nami.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefanya jambo la ujasiri. Kwa simu, lakini nimelifanya.

Nilimpigia Mzee Alute, nikamwamkia, nikamuuliza hali ya mifugo, kisha nikasema kwa unyenyekevu kwamba nina wasiwasi wa kiutaratibu. Melkiori ni mtoto wa binti yetu. Ukoo wake ni wa baba yake, kule Unyambwa. Je, ni sahihi mtu wa ukoo mwingine atuamulie kichwa? Nikasikia mbuzi upande wake. Akasema kweli, Melkiori si wa ukoo huu, akaniagiza niandike hivyo kwenye daftari la ukoo nililokabidhiwa Jumapili, kwa kalamu, aondoke kwenye kamati.

Nimeandika. Mwandiko wangu bora kabisa. Nikapiga mstari chini.

Lakini kabla hajakata simu Mzee akauliza huyo binti wa steshenari ni wa nani. Nikasema ni mchapaji tu. Akasema mchapaji naye ni mtu wa nje, na mambo ya ukoo hayazungumzwi mbele ya watu wa nje. Kazi irudi nyumbani Ilongero. Kuna mjukuu anajua kuchora kwa mkono.

Nimejiondolea kigoda changu mwenyewe.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilikwenda kumuaga. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya ndoo ya maji. Nikafika, nikaomba nakala ya kitambulisho.

Eliana akanipa nakala, akauliza kichwa cha jarida kimefikia wapi. Nikamweleza kwamba kazi ni ya watu wa ukoo tu. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba tuna bahati. Yeye kwao Itigi wako watatu, baba, mama na yeye. Wenzake wakienda likizo kwa mashangazi, yeye alibaki kuhesabu mabehewa. Babu wa baba yake alikuja kufanya kazi reli, hakurudi kwao, hakuna anayejua ndugu zake. Alikuwa akiitwa Gaspari. Inasemekana alitoka upande wa Ilongero.

Niliacha nakala mezani.

Jumatano, 20 Agosti

Siku nne sijalala vizuri, ila ni kwa furaha. Mzee Alute ameniruhusu kuendelea kukaa na daftari la ukoo hapa mjini, nami nimelipitia mstari kwa mstari, kama faili la mkaguzi. Na yupo! Ukurasa wa saba: Gaspari, mtoto wa tatu wa Ntandu, "alienda reli, hajarudi."

Sikuridhika. Mimi si mtu wa kuridhika upesi. Nilimpigia baba yake Eliana mwenyewe, kwa idhini ya Eliana. Nilimuuliza jina la mama yake Gaspari, jina la kisima cha kwao, mahali alipokuwa na kovu. Vyote sawa na daftari. Jina la kisima alilitaja kwa Kinyaturu cha zamani ambacho hata mimi nililazimika kuulizia.

Hivyo Eliana si mtu wa nje. Anaingia kwenye kamati badala ya Melkiori. Atakaa nami kwenye kila mkutano, kila toleo, mara nne kwa mwaka, miaka yote!

Nimechora mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa, kwa rula. Kutoka kwa Eliana nimepandisha mstari mwekundu hadi kwa Gaspari. Kutoka kwangu nimepandisha mstari mwingine hadi kwa kaka yake Gaspari, baba wa babu yangu. Mistari imekutana juu. Sikutegemea ingekuwa mifupi hivyo. Tumekaribiana sana! Nimeitazama hadi chai ikapoa.

Nimekagua tahajia mara tatu. Sioni kosa popote.

Jumapili, 24 Agosti

Nitaandika kwa utulivu.

Eliana alikuja Ilongero kwa bodaboda, amevaa kitenge cha njano, na vumbi hadi kwenye kope. Alipiga magoti kuwaamkia wazee. Nilibandika karatasi yangu ukutani, nikaeleza. Nilieleza vizuri sana. Kwa mara ya kwanza maishani sikutetemeka. Nilionyesha kisima, kovu, mstari mwekundu. Mama Dorkas, mke wa Mzee Alute, alianza kulia kabla sijamaliza, akamkumbatia Eliana, akamshika uso, akasema pua ni ya kwetu. Wanawake wakapiga vigelegele. Watu walipanga foleni kumsalimia. Huyu ni shangazi yako, huyu ni baba mdogo, hawa wote ni wadogo zako. Eliana alicheka na kulia kwa pamoja.

Kisha Mzee Alute akasimama, akaweka mkono begani kwangu.

"Peniel," alisema, "mwanangu, umemtafuta dada yako aliyepotea miaka yote hii na umemleta nyumbani."

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Nilipiga makofi kama mara nne hivi ndipo nikasikia alichosema.

Damu ya Ntandu kwa baba, na damu ya Ntandu kwa baba. Hata mtoto wa darasa la pili hapa anajua hawa hawaoani, iwe wametengana vizazi vitano au hamsini. Mimi nina stashahada. Nilikagua tahajia.

Eliana alinijia. Alinishika mikono yote miwili, kitu ambacho nimekingoja tangu Februari.

"Kaka Peniel," alisema, "mimi sijawahi kuwa na kaka. Nilikuwa najitungia mmoja, utotoni. Namsimulia hadithi."

Nilitaka ardhi inimeze, na wakati huo huo nilitaka asiniachie mikono. Nikasema karibu nyumbani. Ndilo neno moja la kweli nililopata kumwambia.

Jina la jarida likapita bila mjadala: Undugu. Kichwa ni jogoo, mkanda wa kijani, na chini yake maneno "Aliyeondoka Amerudi." Jina limependekezwa na Mama Dorkas. Nimeandika kumbukumbu za mkutano. Kuna doa ukurasa wa pili, nimesema ni jasho.

Jioni hakukuwa na bodaboda ya kumrudisha Eliana mjini. Melkiori, aliyekuja kula tu, akasema ana pikipiki. Baba mdogo mmoja aliuliza kama inafaa binti yetu apakiwe na kijana. Mzee Alute akafungua daftari, akavaa miwani, akasoma kwa sauti maneno yangu: Melkiori si wa ukoo huu. Akasema undugu wa Melkiori nasi ni wa kwa mama tu, Gaspari alitengana nasi zamani, na kijana ni wa Unyambwa, kwa hiyo hata wakizoeana hakuna mzee atakayezuia. Watu wakacheka kwa furaha. Melkiori alimfungia Eliana kofia chini ya kidevu. Alikuwa na kofia ya pili. Mtu gani hutembea na kofia ya pili?

Jumatatu, 25 Agosti

Masijala nimeweka faili la likizo kwenye kabati la magari. Bosi ameniita mara mbili, sikusikia.

Mchana Melkiori alinifuata kazini. Akaniita shemeji, kwa utani, huku akinitazama kama atapata kibali. Hana kinyongo kuhusu kamati. Alisema nilifanya haki. Alitaka tu kujua, kwa kuwa mimi ni kaka mtu, Eliana anapenda nini. Nilimwambia sijui. Najua. Anapenda karanga za kukaanga, chumvi kidogo, na watu wasiomharakisha. Baadaye nikamkimbilia hadi getini nikamwambia kuhusu karanga, maana Eliana hana kosa, asishinde na njaa kule dukani. Kuhusu kuharakisha sikumwambia.

Sasa nimekaa na ule mti wa ukoo. Upande wa Eliana hauna dosari. Niliuthibitisha mimi, na hakuna anayeweza kuubomoa, wala sitaki. Nikikumbuka alivyoshikwa uso na Mama Dorkas, sitaki kabisa.

Lakini upande wangu! Upande wangu haujawahi kukaguliwa na mtu. Babu yangu, kwa mfano. Ukurasa wa tisa kaandikwa kwa wino tofauti na wenzake. Kwa nini? Aliletwa akiwa mdogo? Aliokotwa? Kuna mzee mmoja kule Mkalama ambaye wanasema alifanana naye sana. Nikithibitisha kwamba babu hakuwa wa damu ya Ntandu, basi mimi si wa ukoo huu, nami sina kaka wala dada Ilongero, na ni kijana wa kawaida tu wa Mandewa mwenye kazi na kigoda.

Nimeandika kichwa cha habari: Uchunguzi Kuhusu Asili ya Babu Yangu. Itakuwa kama kurasa thelathini. Zitahitaji kuchapwa vizuri, na mchoro.

Kesho saa tisa na nusu nampelekea Eliana ukurasa wa kwanza. Mmoja tu. Hakuna haraka.