Vipara Vinne kwa Ajili ya Banda

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimetangaza vita. Vya kiungwana, lakini vita. Ua wetu una nyumba mbili: yetu, na ya shemeji, mdogo wake mke wangu. Katikati kuna banda lenye nafasi ya gari moja tu. Gari langu la michezo, jekundu, viti viwili, linashinda juani hadi boneti imeanza kubabuka. Kigari cha shemeji, cha kubebea madaftari ya wanafunzi, kinakaa kivulini kama sultani. Yeye ni mwalimu wa hesabu. Haki yake ya banda ni moja tu: aliwahi kuhamia.

Nimemwambia Jumapili ni siku ya wazi kwenye uwanja wa mbio. Yeyote anaruhusiwa kuzunguka, na wanampima muda. Mwenye muda mfupi kati yetu achukue banda mwaka mzima. Nilidhani atakataa. Akauliza tu kama anaweza kuja akishamaliza kusahihisha mitihani. Mke wangu kasema yeye hatamshangilia mtu. Uongo. Nilimwona akimkonyeza mdogo wake.

Jumanne, 10 Juni

Nimetoroka ofisini. Kazi yangu ni ya bima, kwa hiyo nilisema naenda kukagua ajali. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa uwanja wa mbio kumuuliza kuhusu matairi.

Kanieleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Matairi ya barabarani yana kashata, ile mifereji inayotoa maji. Ya mashindano hayana kashata hata moja. Ni laini kama sahani, yakipata moto yanaing'ang'ania lami kavu, ila mvua ikinyesha hayafai, na barabarani hayaruhusiwi. Halafu yapo ya katikati: kashata chache, mpira laini. Unaendesha hadi uwanjani, unashindana, unarudi nayo nyumbani. Akasema watu kama mimi, wanaokuja uwanjani mara mbili kwa mwaka na kwenda sokoni kila Jumamosi, huchukua hayo.

Watu kama mimi! Imeniuma. Nikamuuliza madereva wa kweli wanayaitaje yale yasiyo na kashata kabisa. Akasema hapa kwetu tunayaita vipara.

Neno tamu sana. Mimi mwenyewe nina kipara. Nikaona hapa hakuna haja ya kufikiri zaidi.

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia muuza matairi wa karibu na stendi. Nimeongea kama mtu wa uwanjani: nipe vipara vinne. Akauliza, vipara? Nikasema vipara kabisa, nikikuta kashata hata moja nakurudishia mzigo. Akauliza ni vya kazi gani. Nikasema mbio. Akasema kila mtu na maisha yake.

Bei aliyonitajia ilikuwa ndogo mno. Ni wazi hajui anachouza. Sikumzindua. Tena kaniongezea cha tano bure! Nimeshinda nikitabasamu mezani hadi bosi akauliza kama nimepata kazi kwingine.

Ijumaa, 13 Juni

Vipara vimefika, juu ya mkokoteni. Laini ajabu. Kimoja kina waya zinazochungulia ubavuni. Mke wangu akauliza waya za nini. Nikamwambia zinasambaza joto. Akauliza, na hiki kiraka? Nikasema ni nembo. Akanitazama sana, akasema, "Baba Pacha, haya matairi yameshakufa." Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu, akarudi ndani akitikisa kichwa.

Fundi pancha wa mtaani kanifungia. Matairi yangu ya zamani, yale ya kashata, nimemwachia yawe ujira wake. Sitayahitaji tena. Kayapokea haraka na kuyaficha nyuma ya kibanda.

Jioni shemeji kapita na rundo lake la madaftari. Kainama, kagusa tairi moja, kaniuliza kwa upole kama pale ofisini bado wananilipa. Wivu huo.

Jumamosi, 14 Juni

Sokoni na mke wangu. Manyunyu kidogo tu, wala si mvua ya kuitwa mvua. Nikakanyaga breki mbele ya geti la soko. Gari halikuwa na habari. Likaliaga geti, likavipita vibanda vya vitunguu, likasimama lenyewe ndani ya ua wa michongoma. Hakuna aliyeumia. Kilichoumia ni heshima yangu.

Askari wa barabarani akaja. Akachuchumaa, akapapasa tairi la kwanza, la pili, la tatu. Akainuka. Mimi nilikuwa nimevua kofia kwa adabu. Akatazama tairi, akatazama kichwa changu, akauliza kipi kilianza. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini kando ya barabara, na kapu lake mapajani.

Askari akasema gari halitoki pale kwa matairi hayo. Limerudi nyumbani juu ya lori la mchanga. Sikubishana naye. Yeye ni mtu wa barabara, mashindano hayajui. Kesho lami itakuwa kavu, na banda litapata mwenyewe.

Jumapili, 15 Juni

Lori lilelile hadi uwanjani. Lami kavu, jua kali, roho yangu kwatu. Shemeji kaja akiendesha mwenyewe. Kashusha madaftari, kafunga mkanda, kamaliza maandalizi.

Fundi ndiye aliyekuwa akikagua magari. Alipofika kwangu akavua kofia, kama aliyefika msibani. Akasema matairi ya mashindano yanatengenezwa bila kashata, lakini haya yangu yalikuwa nazo, zikaisha zamani. Akasema kuna tofauti kati ya aliyezaliwa hana nywele na aliyenyonyoka. Kwenye mbio siingii. Nakiri machozi yalinilenga. Niliitazama ile boneti nikauona mwaka mzima mwingine wa jua.

Nadhani alinihurumia. Akanionyesha eneo la pembeni lililomwagiwa maji, ambako wanafunzi wanajifunza kulidhibiti gari linaloteleza. Akasema pale, taratibu, nitaruhusiwa, maana matairi ya wanafunzi huwa hayatelezi vya kutosha.

Nikaingia. Jamani! Nilizunguka kama pia. Nikaenda kinyumenyume bila kutaka, nikaenda ubavu bila kujua. Watu waliacha kutazama mbio wakaja kwangu. Mke wangu akaingia kiti cha pili bila kuombwa, akapiga vigelegele kila mzunguko, na sijamsikia hivyo tangu siku ya arusi yetu. Nilifurahi hadi taya zikauma.

Huku nyuma shemeji alimaliza mizunguko yake mitatu na kuwa wa pili kati ya magari madogo yote. Kwa matairi yaleyale yaliyokuja na gari! Banda ni lake. Alikuja na karatasi ya muda mkononi, nikadhani anakuja kunisimanga. Alitaka zamu ya kutelezeshwa. Nikampa mara mbili.

Jumatatu, 16 Juni

Gari liko juani. Mimi niko dirishani, nimetafakari kwa utulivu kosa lilikuwa wapi, na nimeligundua. Matairi yalikuwa ya zamani. Fundi mwenyewe alisema.

Nimemwomba shemeji marudiano mwezi ujao, banda lilelile. Kakubali kabla sijamaliza sentensi. Mke wangu kanisihi nichukue yale ya katikati, na kanipa karatasi aliyoandikiwa na fundi, jina na saizi. Nimeikunja vizuri nikaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba.

Kisha nikampigia muuza matairi, kwa sauti ya ukali. Nikamwambia safari ile alinipa vikuukuu, mimi si mtu wa kuchezewa, safari hii nataka vipara vipya. Akaniomba radhi sana. Akasema nina bahati, kuna teksi imevua vyake asubuhi hii hii.

Nimemwambia aniwekee, asimpe mtu mwingine.