Msoma Nia wa Picha ya Ndege

Sospeter aliuona utajiri wake akiwa amekaa kwenye benchi la Bertha, muuza maandazi wa mtaa wa Picha ya Ndege. Pembeni yake kulikuwa na bwana mmoja anayetafuta bei ya matairi kwenye simu. Mara tovuti ikamtolea utepe chini ya kioo, wenye maneno madogo kama sisimizi: tunatumia vidakuzi, tunakumbuka unachotazama, je, unaridhia? Yule bwana hakusoma hata neno moja. Alipiga kidole kwenye kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa Kubali Vyote, kama mtu anayefukuza nzi, akaendelea na matairi yake.

"Kaka, umekubali nini hapo?" Sospeter akamwuliza.

"Sijui bwana. Kilikuwa kinaniziba."

Sospeter akaliweka andazi chini taratibu. Wapo wanaopata wito wao kanisani. Yeye aliupata pale, mafuta ya andazi yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Haukupita muda akawa na tovuti yake, Duka la Nia Njema. Duka hilo liliuza kila kitu na halikuwa na kitu: makochi, matangi ya maji, mawigi, majiko, yote picha tupu. Utepe wa vidakuzi ulikuwepo pia, maana Sospeter alipenda mambo yake yawe na utaratibu. Kitufe cha Kubali Vyote kilikuwa kipana kama sahani ya pilau. Cha Kataa kilikuwa kule pembeni kabisa, kidogo, rangi ya ukungu, hata aliyetumwa kukitafuta angerudi mikono mitupu. Ukitaka bei, unaandika jina na namba. Tangu hapo tovuti ingeikumbuka simu yako kila ikirudi, imetazama nini na imekikodolea macho muda gani, na Sospeter angeyasoma yote kwake, miguu juu ya kitanda.

Tumtendee haki lakini. Yote yalikuwa yameandikwa pale, hakuficha hata herufi. Aliwategemea watu tu, kwamba hawatasoma, na watu hawakumwangusha.

Akatafuta koti jeusi na miwani isiyo na namba, akajiita Msoma Nia. Wa kwanza alikuwa Bertha.

"Dada Bertha, nimeoneshwa jambo," akasema, macho kayafumba nusu. "Naona moto wa buluu. Naona jiko la gesi, plate tatu, oveni chini."

Bertha akaangusha mwiko ndani ya karai. "Nani kakwambia? Hata mume wangu hajui!"

"Linakuja kwako. Limezuiliwa njiani tu. Linataka hela ya kufungulia."

Bertha akatoa ya kufungulia. Jiko halikuja. Kila alipouliza, Sospeter alitikisa kichwa kwa huzuni akasema njia ni ndefu.

Basi akaendelea hivyo mtaa kwa mtaa, mpaka siku lilipotokea kwenye kompyuta yake jina la Telesphory wa Msimbu, huko Kisarawe. Akaulizia. Akaambiwa ni mzee wa mikorosho, mtu wa kanisa, na kwamba yeye na mkewe Matilda wanajiandaa kwa jubilei ya miaka hamsini ya ndoa. Dume la ng'ombe limeshachaguliwa, padri ameshaambiwa, na fedha zote za sherehe zimo ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda. Aliyemweleza alitaja hata rangi ya kifuniko. Watu wetu wakipenda kukusaidia, wanakusaidia.

Sospeter akalitamani kopo lile kama mtoto anavyotamani ubwabwa.

Akafungua kumbukumbu za simu ya mzee. Piko ya kutia nywele weusi, imetazamwa asubuhi. Kitanda cha mtoto mchanga, chenye neti. Spika kubwa ya kutikisa mabati. Na viatu vya kike vyekundu, visigino virefu, kifungo cha dhahabu. Hivyo vilitazamwa, vikaachwa, vikarudiwa, vikaachwa, vikarudiwa tena.

"Loo, mzee wa kanisa!" Sospeter akacheka mpaka akajishika mbavu. Mambo yalijipanga yenyewe. Mzee ana nyumba ndogo. Anajitia piko kwa ajili yake, anamnunulia viatu, mtoto yuko njiani, na kwa ile spika, bila shaka bibie anafungua grosari. Mzee wa namna hiyo, jubilei ikiwa inabisha hodi, atalitoa kopo zima ili mtu afunge mdomo.

Jambo moja Sospeter hakulijua. Simu ile ilikuwa ya Telesphory kwa jina tu. Ilikaa dirishani, kwenye kona pekee mtandao unapokamata, imefungwa kamba ya katani isianguke, na nyumba nzima iliitumia. Anayepita na ndoo anaitazama, anayemenya mihogo anaipangusa. Tovuti iliona simu moja ikadhani ni mtu mmoja.

Akawasha pikipiki. Kisarawe mjini akashuka kunywa supu, akafuta viatu, akaingia njia ya vumbi hadi Msimbu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae." Telesphory akamwonesha kiti chenye kitambaa cha kufuma. Sebuleni walikuwemo Matilda, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo, na mkwewe Evaline, mke wa kijana wao Fabian anayefanya kazi Mtwara. Sospeter akaweka ufunguo wa pikipiki mezani kwa madaha, akasogeza kiti.

"Mzee, mimi ni Msoma Nia. Haya yangu ni ya faragha. Ya wanaume."

"Sema tu. Mimi na Mama Fabian hatufichani."

Sospeter akamwinamia sikioni akanong'ona. Kwa bahati mbaya aliinamia sikio la kulia, ambalo lilikuwa limeshastaafu.

"PIKO?" Telesphory akauliza, sauti ya kuita watu shambani.

Ungo wa Matilda ukasimama.

"Taratibu mzee," Sospeter akanong'ona tena.

"SPIKA? KITANDA CHA MTOTO? Mtoto wa nani?"

"Ndiyo, wa nani?" akauliza Matilda. Alikuwa ameshasimama, punje za mchele zikimdondoka mapajani. "Baba Fabian, mtoto wa nani? Na hiyo piko unamtilia nani? Miaka hamsini nakuoshea mashati, leo unataka kunizeesha peke yangu! Jubilei hakuna! Mwambieni padri, ng'ombe akale majani yake!"

"Mke wangu, huyu simjui hata..."

Sospeter akaona kopo linamponyoka. Mke akishajua, nani tena atalipia siri? Akaamua kubadili mteja, akamgeukia Matilda kwa sauti ya upole.

"Mama, pole sana. Mimi naweza kumfunga huyo mwanamke asikanyage tena hapa. Namwona kabisa. Amevaa viatu vyekundu, visigino virefu, kifungo cha dhahabu ubavuni..."

Matilda akakaa chini polepole.

"Kifungo cha dhahabu?" akauliza. "Upande wa nje?"

"Upande wa nje, mama."

"Viatu hivyo sijamwambia mtu," Matilda akasema. "Sijamwambia mume wangu, sijamwambia padri. Mwanamke wa umri wangu na visigino! Nilikuwa navitazama tu nikijisemea, laiti siku ya jubilei." Akageuza shingo kuelekea dirishani. "Nilivitazama mle."

Wote wakaigeukia simu, nayo ikaning'inia kwenye kamba yake bila hatia.

"Mama, kitanda nilitazama mimi," Evaline akasema, sura kaiinamisha. "Fabian alitaka tuwaambie siku ya jubilei, iwe zawadi."

Matilda akapiga kigelegele, akakikatisha katikati, maana bado alikuwa na kesi mezani. "Na spika?"

"Yangu hiyo, mama," sauti ya Salumu, mfanyakazi wa shamba, ikaitikia kutoka uani. "Natazama tu. Kutazama ni bure."

"Piko je?"

Telesphory akakohoa. Akasema kwa sauti ndogo sana kwa mtu asiyesikia vizuri, "Nilitaka kwenye picha tufanane na zile za harusi."

Matilda akanyoosha mkono mezani, akautwaa ufunguo wa pikipiki, akautumbukiza kifuani, mahali ambapo hata polisi wasingepekua.

"Haya, mwanangu. Tueleze umeyajuaje yote haya."

Sospeter akaeleza yote: utepe, vidakuzi, kitufe cha kijani. "Lakini mlikubali wenyewe," akamalizia kwa heshima. "Iliandikwa."

"Nakikumbuka," Evaline akasema. "Cha kijani. Cha kukataa kilikuwa wapi?"

"Kwa chini kidogo, shemeji. Pembeni."

"Kumbe. Mama, na sisi tumwekee vitufe."

Matilda akafurahi. "Umetuona sisi tukitamani vitu vinne, na vinne hivyo utavileta wewe kabla ya jubilei. Kubali Vyote ni mlango huu mkubwa: unatoka kwa amani, unakwenda kuvitafuta. Kataa ni ule mlango mdogo wa uani."

Sospeter akachungulia mlango mdogo. Nje yake alisimama Salumu, ameshika kamba ya dume la jubilei. Dume lile halikuwa limependa kelele za pikipiki, na lilikuwa bado linalifikiria jambo hilo.

"Mama, siwezi kukubali baadhi? Tovuti nyingine zinaruhusu. Kunakuwa na mipangilio."

"Mipangilio ninayo," akasema Matilda, akauchukua mchi.

Sospeter akakubali vyote.

Siku ya jubilei mzee alikuwa na kichwa cheusi kama sufuria la kuni, spika ilitikisa mabati ya Msimbu yote, na Matilda aliingia kanisani na viatu vyekundu, ameshikiliwa na mumewe upande mmoja na Evaline upande wa pili ili asianguke. Hakuanguka. Sospeter, makusanyo yake ya miezi yameisha, aliwanawisha wageni mikono hadi wa mwisho, ndipo akapewa ufunguo.

Lakini wageni walimtazama vizuri usoni, na wanakwaya wenzake Matilda, wenye ndugu kila mahali, wakaisambaza habari yake. Aliposimama Kisarawe kunywa supu, muuzaji akamwuliza, "Kaka, kitanda cha mtoto kile chenye neti, bado unakihitaji?" Alipojaza mafuta, binti wa pampu akamwambia viatu vyekundu vimeingia vipya. Kinyozi asiyemjua alimwita barabarani na pakiti ya piko mkononi. Mambo aliyoyatazama mara moja yakamfuata mpaka Picha ya Ndege.

Akafika benchini kwa Bertha amechoka, akaomba andazi moja na maji.

Bertha hakumpa andazi. Aliyafumba macho nusu, mwiko kaunyanyua juu, mafuta ya moto yakidondoka.

"Kaka Sospeter, nimeoneshwa jambo," akasema. "Naona moto wa buluu. Naona plate tatu, oveni chini. Naona linaletwa leo, kwa pikipiki."

Sospeter akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akitafuta kitufe cha rangi ya ukungu. Kisha akaiwasha pikipiki, akaenda kulitafuta jiko.