Taa ya Azzan bin Talal

Njooni, enyi wa Darajani, Michenzani na Mwanakwerekwe, tueni vikapu, zimeni simu, msikie vita alivyopigana Azzan bin Talal, Simba wa Kiti cha Kuzunguka, Mkurugenzi wa Mradi wa Serikali wa Fueli ya Nyuklia, mradi uliomeza bajeti juu ya bajeti pasi na kutoa hata moshi wa kibatari!

Asubuhi hiyo Kamati ya Mageuzi ilikuwa njiani, nayo imeapa: ofisi isiyoonesha dalili ya uhai itafungwa, na mkurugenzi wake atarudishwa Bwejuu kusimamia mizani ya mwani. Na ndipo, loo msiba, umeme wa ofisi ukakatika. Kasha la mradi, tupu, halikuweza kununua hata yuniti moja.

Azzan akaitazama feni iliyokufa, akakiona kiti kikimuaga. Akajipachika kofia kama shujaa avaaye chapeo, akateremka kumkabili Hardik, muuza vitambaa wa duka la chini, jirani ambaye miaka yote hakuwahi kumpa hata salamu.

"Ewe Hardik, nguzo ya mtaa! Taifa linakulilia waya mmoja!"

"Leo umenijua jina?" Hardik akacheka. "Si nyinyi mtakaoiwasha Unguja nzima?"

"Tutaiwasha, inshallah. Kwa leo tuwashie wewe."

"Haya, vuta. Lakini saa sita nnafunga, nnakwenda kula. Nikifunga nnazima swichi kubwa, hata aje nani."

Waya ukapanda ngazi mfano wa joka, na juu ya meza ya mkurugenzi taa moja ikawaka. Kamati ikaingia. Bi Badria, mwenyekiti wake, akauliza fueli iko wapi. Azzan akahutubia: atomu, vizazi vijavyo, fahari ya visiwa, jicho kwenye saa ya ukutani, jasho hadi kwenye ukosi wa kanzu. Bi Badria akatoa kalamu. Kalamu ikasita. Chini, mlango wa Hardik ukalia kwiii, na taa ikazimika.

Azzan akafumba macho.

"Mashaallah!" akasema Bi Badria. "Kote tulikopita taa zinawaka mchana kweupe, hapa mnazima! Hayo ndiyo mageuzi niliyokuwa nikiyatafuta."

Akatia saini. Bajeti ikaongezwa.

Basi na ikumbukwe hadi kwa wajukuu: siku hiyo Mradi wa Fueli ya Nyuklia uliwasha taa yake ya kwanza, na mwokozi wake alikuwa nyumbani anakula wali na dali, hana habari.