Mguu wa Kulia Umekufa

Jumatatu, 3 Juni
Kitinda mimba wangu amepata kazi! Fiziotherapia, hospitali kubwa, mji wa mbali huko ambako basi linalala njiani. Anaondoka Jumamosi. Nimepiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Kisha nikajifungia chooni nikalia. Atakula nini? Nani atamkumbusha sweta?

Zahanati ya hapa mtaani, nyuma ya kinyozi, nayo inamtaka. Anasema pale hata kitanda cha kunyooshea wagonjwa hakuna. Nikamwambia nitamshonea. Akacheka. Sikuwa natania.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye naishi naye na maoni yake yote, kasema nimwache mtoto aende, asije akazeeka hapa akinusa mafuta ya cherehani. Hakuulizwa.

Nimepata mpango. Nitaugua mgongo. Mtaalamu wa migongo atamwachaje mama yake mzazi amepinda kama ndoano?

Jumanne, 4 Juni
Kitinda katoka kuaga marafiki. Nimeingia chumbani kwake kusoma. Ukutani kuna ile picha ya mtu asiye na ngozi. Miaka yote ya chuo nimefagia humo nikiwa nimempa mgongo, kwa adabu tu. Leo nimemkodolea macho na kumsoma kwa kidole, neno kwa neno. Darasa la nne langu si haba.

Kumbe ndani ya mifupa ya mgongo mna kamba! Ugwe mgongo. Inatoka kwenye ubongo, inashuka, halafu haifiki hata mwisho wa kiuno. Inakatika, nyuzi zinamwagika chini kama mkia wa farasi. Mimi nikimpa mteja gauni lenye nyuzi namna hiyo atanirushia usoni. Lakini zina kazi, nyingine zinapeleka amri, nyingine zinaleta habari. Kama nyumba hii. Amri natoa mimi, habari analeta wifi.

Nyuzi hizo ndizo neva. Kwa ugonjwa wangu nimechagua nene kuliko zote, unene wa kidole gumba. Inapita takoni, nyuma ya paja, mpaka unyayoni. Makubwa! Umri wote huu nimeikalia!

Jioni nikaanguka jikoni. Polepole, baada ya kuweka sufuria pembeni. Nikasema mguu wa kulia unawaka moto kutoka takoni. Kitinda alitupa mkoba, akanishika kichwa. Jinsi uso wake ulivyobadilika nilitaka kuinuka nimwambie ni mzaha. Sikuinuka.

Jumatano, 5 Juni
Vipimo. Nikalazwa chali, Kitinda akauinua mguu ukiwa umenyooka. Nikapiga ukelele mpaka wifi akaja mbio na mwiko mkononi. Akasema pole mama, hebu keti ukingoni mwa kitanda nitazame unyayo. Huku anatazama, akaniuliza habari za zile sare za shule ninazoshona. Nikamweleza, kola, mifuko, yule mama anayetaka sketi ipunguzwe kila wiki. Yeye ananyoosha goti, mimi naeleza.

Akakohoa kikohozi kirefu, akageukia dirishani.

Nimekuja kushtuka nikiwa naoga. Mguu ulikuwa umenyooka mbele yangu kama ubao! Ukilala, ukikaa, neva inayovutwa ni ileile! Nilitakiwa kupiga ukelele!

Alhamisi, 6 Juni
Nimeongeza ugonjwa. Mguu sasa umekufa ganzi wote, nyonga hadi vidole. Kitinda akaniambia nifumbe macho. Atanigusa na pamba. Nikihisi niseme ndiyo, nisipohisi niseme hapana.

Mguu wa kushoto, ndiyo, ndiyo. Wa kulia, hapana! Hapana! Hapana! Kila akigusa, hapana, papo hapo, bila kukosea. Nilijivunia sana. Mlangoni wifi kashika fremu, anacheka machozi yanamtoka. Nikamwambia mgonjwa hachekwi. Akaniuliza, sasa wifi, kama huhisi, unajuaje umeguswa?

Nikasema nilisikia harufu ya pamba.

Kitinda hakucheka. Akanieleza taratibu kwamba ganzi ya neva ile haifuniki mguu mzima kama soksi ndefu. Inapenda upande wa nje chini ya goti, na unyayo. Ndani ya paja ni eneo la neva nyingine. Yaani neva nazo zina mipaka ya viwanja! Ile picha haikusema.

Ijumaa, 7 Juni
Mama wa sketi kaja juu, anataka sare zake leo. Kitinda hayupo, kaenda kukata tiketi. Bado nina matumaini, tiketi hubadilishwa. Nikakaa kwenye cherehani. Mguu gani unakanyaga? Wa kulia.

Nikasikia kikohozi. Kitinda mlangoni. Nikataka kuusimamisha mguu, wenyewe unaendelea tu, tra-tra-tra. Nikamwambia cherehani ndiyo inayousukuma.

Akaketi sakafuni, akalaza kichwa kwenye paja langu, lile lililokufa. Akasema alijua tangu Jumanne, mgonjwa gani anaweka sufuria pembeni kwanza? Alinyamaza kwa sababu yeye naye anaogopa kuondoka, na kunipima kulimtuliza mikono. Kisha akaniambia nimjibu bila mguu, bila mgongo. Nikimwambia abaki, anapiga simu sasa hivi, Jumatatu anaanza zahanati.

Ndicho nilichokuwa nakitafuta wiki nzima! Neno moja tu! Nikafungua mdomo. Mdomo ukasema nenda mwanangu.

Ulimi nao una neva yake. Mimi sikuituma.

Jumamosi, 8 Juni
Kaondoka na sweta mbili. Vidole vyangu viligoma kuachia dirisha la basi, kondakta akavibandua kimoja kimoja. Wifi alinishika mkono njia nzima ya kurudi na hakutoa maoni yoyote. Nikaogopa kwamba anaumwa.

Jumatatu, 10 Juni
Nyumba imepoa. Kitinda kaacha picha ukutani, kasema nimfagilie mtu wangu. Nimefagia. Nimemsoma kidogo tu, usoni.

Kuna neva inatokea karibu na sikio, inaendesha uso. Ikilala, mdomo unaanguka upande mmoja na jicho halifumbiki. Lakini ngozi inahisi kama kawaida, kwa kuwa kuhisi kwa uso ni kazi ya neva nyingine! Pamba haiwezi kunikamata! Na Kitinda ananipigia simu ya video kila jioni.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha wateja. Wifi kapita, kauliza kama nimelamba ndimu. Acha aulize.

Nimechagua upande wa kulia. Umeshaizoea kazi.