Jaribio Kabla ya Programu

Jumatatu, 4 Machi
Bosi kaleta sheria mpya. Kabla ya kuandika programu, kwanza tuandike jaribio la kuipima. Yaani nionje supu kabla sijawasha jiko. Binti mgeni, aliyeajiriwa juzi tu, kafurahi kama kapewa zawadi. Huyo hana mazoea ya zamani ya kuyaacha. Nikamtegemea Babu, mkongwe wetu anayekaribia kustaafu, apinge. Babu akasema ameshaungua vya kutosha, anaanza leo. Kumbe mbishi nimebaki mimi, niliyeko katikati.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata ujanja. Naandika programu kwanza, jaribio baadaye, halafu narudisha nyuma saa ya kompyuta ili jaribio lionekane limetangulia. Kazi yenyewe ni ya kliniki ya watoto: muuguzi anaingiza uzito wa mtoto, programu inampa kipimo cha dawa. Jaribio langu linathibitisha kwamba moja ni sawa na moja. Limefaulu. Mke wangu kaniuliza mbona naitabasamia sahani. Nikamjibu mambo yananyooka kazini.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu. Mgeni kafuta programu yangu yote kwa bahati mbaya, na jaribio likafaulu vilevile. Akairudisha, akaandika jaribio lake mwenyewe: mtoto wa kilo tatu na nusu. Programu yangu ikampa dawa ya mtoto wa kilo thelathini na tano. Ilikuwa haioni nukta: 3.5 ikaisoma 35. Dada yangu ana kichanga cha uzito huohuo.
Mgeni akavuta kiti. “Kaka, hakuna aliyeumia,” akasema. “Ndiyo maana tunapima. Tuanze upya?”

Ijumaa, 8 Machi
Tumeandika pamoja kutwa. Jaribio kwanza, likashindwa: skrini nyekundu. Kisha programu, likafaulu: kijani. Sikujua rangi inaweza kumpa mtu mzima raha namna hii. Muuguzi mkuu kaja, kaingiza uzito wa kila aina, hata wa kichekesho, na programu haikuyumba. Babu kanipigapiga bega.

Jumatatu, 11 Machi
Bosi kanisifu mbele ya wote. Anataka niwafundishe wengine. Nimeongoka kabisa, majaribio ndiyo uhai. Ila yanachosha vidole. Kwa hiyo leo nimetengeneza, kimyakimya, programu ya kuniandikia majaribio. Mgeni akiuliza jaribio la programu hiyo liko wapi, nitamwambia ukweli: ni ndogo mno, haina pa kukosea. Nimeiwasha sasa hivi. Kijani tupu.